Jumamosi za Ntahangwa

Alhamisi, 9 Aprili

Nimefunga duka kabla ya magharibi. Unga wa muhogo umeisha, wateja wananuna kama nimeula mimi. Mume wangu Hamisi yuko uani anaosha viatu vyake vya matembezi. Mwanaume huyu hajawahi kuosha hata kikombe. Tangu alipougua moyo na kuacha kuendesha lori, Jumamosi ndiyo Idi yake. Daktari alimwambia atembee. Hakumwambia apande milima, lakini nani wa kumweleza Hamisi.

Mvua imenyesha usiku kucha huko juu milimani. Hapa mtaani Bwiza hata tone.

Jumamosi, 11 Aprili

Kazi za jamii za kila Jumamosi zilichelewa kwisha, tukaondoka jua liko utosini. Wote watu wa mtaa huu, Waislamu na Wakristo, wengi wetu tumeshakuwa bibi na babu. Deo mbele kama kawaida. Ni jirani yetu, karani wa serikali, na ndiye aliyeanzisha matembezi haya. Sauti kubwa, miguu mirefu, moyo mzuri. Hunibebea maji yangu bila kuombwa.

Nyuma ya mtaa wa Mutanga Sud, barabara inapoishia, tulisimama kuomba. Hamisi alisoma Fatiha, Deo akaomba kwa jina la Yesu, sote tukaitikia amina. Kisha tukateremka mtoni. Njia ya mlimani ilibomoka mvua zilipoanza, kwa hiyo siku hizi tunapanda ndani ya Ntahangwa yenyewe, tukiruka mawe. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Kuta za udongo huku na huku, ndefu kuliko nyumba. Sipapendi pale. Sijawahi kupapenda.

Nikaona weusi nyuma ya milima. Si wingu la kupita. Nikamwambia Deo. Akacheka.

"Mama Zuhura, tumeshaomba. Sasa mawingu ni kazi ya Imana, ya Mungu, si kazi yako."

Hili ndilo linaloniudhi. Dua ikishasomwa, mtu akitaja mvua anaonekana hamwamini Mungu. Mimi namwamini. Na macho haya kanipa yeye.

Tuna sheria: mmoja akirudi, wote wanarudi. Deo mwenyewe aliiweka, ili asiachwe mtu njiani. Basi nikakaa juu ya jiwe, nikasema sisogei. Walinuna. Hamisi alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Wakageuka wote.

Mvua haikunyesha. Si huku, si huko.

Jumapili, 12 Aprili

Mtaa mzima unaniita Mama Mawingu. Hata muuza mkaa. Hamisi hajanisemesha tangu jana, isipokuwa kuomba chumvi.

Jumanne, 14 Aprili

Deo alipita dukani. Akanunua sabuni asiyoihitaji, akazungukazunguka, mwishowe akalitoa lililomleta.

"Usikasirike, mama. Tumeongea. Ile sheria tumeiondoa. Kuanzia sasa mutu akitaka kurudi, arudi yeye peke yake. Wengine wanaendelea."

"Na huyo wa peke yake?"

"Imana iko naye."

"Basi mi siendi tena."

"Apana, apana, usiseme hivo."

Nimeshasema. Aliondoka ameinamisha kichwa, na mtu huyo hajui kununa, kwa hiyo nilijisikia vibaya. Hamisi alikuwa analijua jambo hili tangu jana. Hakuniambia. Nina hasira naye. Chini ya hasira iko hofu, na hofu ndiyo kubwa zaidi.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua nzito milimani, jana na leo. Nilipotoka sokoni nilipita darajani. Mto una rangi ya chai ya maziwa. Umebeba matawi, na kipande cha uzio wa mtu. Wanawake wawili walikuwa wamesimama wakitazama.

Jioni nilimwomba Hamisi asiende kesho. Nilimwomba vizuri, sikupiga kelele.

"Miaka yote mi naendesha lori kwenye hii milima, nani alikuwa ananilinda?"

"Breki," nikamwambia.

Hakucheka. Akasema, "We unaogopa mvua kuliko Mungu."

Limeniuma. Limeniuma kwa sababu sijui kama ni uongo. Amelala sasa, anakoroma. Mimi nasikiliza paa. Paa kavu.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika haraka.

Waliondoka baada ya kazi za jamii. Jua kali, mbingu safi upande wetu, na mto ulikuwa umepungua usiku. Deo alinipungia mkono kutoka barabarani, akapaza sauti, "Mama Zuhura, leo meteo iko bon, hakuna mvua!" Nilimpungia pia. Nikaswali adhuhuri, nikabaki kwenye mswala. Ee Mola, nirudishie Hamisi wangu. Hayo tu. Niliyarudia mpaka midomo ikakauka. Hamisi wangu, Hamisi wangu. Sikutaja mwingine.

Mlango ukafunguliwa. Hamisi huyo, anachechemea. Viatu vyake alivyoviosha tena na kuvianika juani vimekakamaa, kimoja kimemchuna kisigino mpaka damu. Alishindwa hapo hapo mawe yanapoanza. Wenzake wakaendelea, kama walivyokubaliana. Alikuwa na aibu kama bwana harusi aliyechelewa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikampikia chai ya tangawizi, nikamwita Baba Mawingu. Akacheka na yeye. Hatujacheka hivyo tangu alipougua.

Tukasikia ngurumo. Si angani, chini. Nikadhani ni lori. Kisha watu wakaanza kukimbia barabarani, wote upande mmoja, kuelekea mtoni. Tulitoka hivyo hivyo, yeye na kiatu kimoja. Jua bado linawaka huku kwetu; mvua ilinyesha huko juu. Tulipofika darajani mto ulikuwa umejaa hadi juu, mweusi, miti inapinduka ndani yake, mawe yanagongana chini ya maji. Ardhi inatetemeka kwenye nyayo.

Kabla ya kumfikiria mtu yeyote nilishika mkono wa Hamisi na kushukuru. Niliandike lilivyokuwa. Nilifurahi kwanza.

Halafu nikamwona Esperansi, mke wa Deo, anakuja mbio na mtandio mkononi.

Jumapili, 19 Aprili

Waliokuwa nyuma wako hai. Walipanda ukuta wa udongo kwa kucha na mizizi. Wanasema Deo alikuwa mbele, penye wembamba, ambapo hakuna cha kushika. Alisikia kabla yao. Alipiga kelele, "Pandeni! Pandeni!" Walipogeuka kumtazama, hapakuwa na mtu pale, maji tu.

Hajaonekana. Hamisi hataki kula. Anakaa uani, anakitazama kisigino chake.

Jumatano, 22 Aprili

Walimpata juzi, karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Leo tumemzika. Tope makaburini, kila mtu ameshika viatu mkononi. Mchungaji alisema Mungu aliwaokoa wengine na akamchukua aliyemtaka. Nilikasirika. Nilitaka kumuuliza kama angelisema hilo huku akimtazama Esperansi usoni. Lakini si kanisa langu.

Njiani Hamisi aliniuliza, "Kwa nini mi nimebaki?"

"Kisigino."

"Kisigino kilitoka kwa Mungu."

"Na Deo je?"

Akatangulia, anachechemea. Tumeswali isha pamoja. Nilikuwa na hasira hata kwenye sijida, lakini sikuwa na kwingine kwa kuipeleka.

Jumamosi, 25 Aprili

Hakuna aliyetembea leo. Mawingu tangu asubuhi, bila mvua.

Nimekwenda kwa Esperansi na sufuria ya maharage. Nyumba ilikuwa imetulia, wageni wamepungua. Amekonda uso. Tuliongea mambo madogo, bei ya mkaa, dada yake wa Ruziba atakayekuja kukaa naye. Kisha akaniuliza, polepole, bila kunitazama.

"Mama Zuhura, ile siku ulibaki nyumbani. Uliwaombea?"

"Ndiyo."

"Na Deo ulimutaja?"

"Nilimtaja."

Akafuta macho kwa kitenge. Akasema asante, alikuwa anaogopa kwamba siku ile mumewe hakuombewa na mtu, maana yeye mwenyewe alikuwa anafua, alisahau. Akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi karibu yake. Nikakaa.