Karanga za Mukono wa Kuume

Kindu, Ijumaa

Baba yangu,

Nakupa salamu na heshima yote. Umeamuka namna gani? Na Mama, magoti yake yanaendelea? Huku tuko wazima, Mungu asifiwe. Somo wako ana meno mawili sasa, anauma kila kitu, hata kidole changu.

Barua ya dada mukubwa ilifika. Anasema tangu ulipopooza, mukono wako wa kuume unaulaza juu ya mapaja kama kitu cha muntu mwingine. Mama njo anakulisha, na wewe unasema mukono umekufa, wakuache nao. Baba, nililia. Kuja Pangi sasa siwezi, mutoto bado mudogo na mvua imeharibu njia. Basi nakuandikia habari ya mama mukwe wangu, ile niliona na macho yangu.

Unajua naye alipooza mbele ya Ramazani, mukono wa kuume vilevile. Munganga wa hospitali alituambia mukono hauponi kwa kulazwa. Upewe kazi ndogo ndogo kila siku, na ule muzima ufungwe kidogo, usifanye yote peke yake. Kila asubuhi nikamufunga mukono wa kushoto kiunoni na kipande cha kitenge, nikamumwagia karanga ku ungo, amenye. Siku za kwanza vidole vililala tu kama samaki ku soko. Jasho lilimutoka kwa karanga moja. Huruma ikanishika, nikaanza kumumenyea kwa siri, maana mukwe gani anakaa kuangalia mama ya bwana yake anateseka? Akaniona. Hakupandisha sauti. Alisema, "Binti yangu, hii huruma yako njo itaniua mukono."

Jirani akapita, akauliza na kicheko kama siku hizi wakwe wanafunga mama zao kama wezi. Nilitaka kujificha ndani. Mama mukwe akamujibu, "Mwizi njo huu wa kushoto. Umeiba kazi yote ya ndugu yake."

Hata siku ya salongo, ile kazi ya mutaa wote, wenzake wakienda kufagia barabara, yeye alibaki na ungo, anasema salongo yake iko hapa.

Mwezi wa tatu wa kumenya, asubuhi moja, karanga ilikuwa kati ya vidole vyake. Somo wako akatambaa, akaivuta, anataka kuitia mu kinywa. Mama mukwe akaogopa itamukaba. Vidole vikafunga, Baba. Mutoto akavuta, akalia, vidole vikakataa. Tukaangaliana. Yeye akacheka mpaka kilemba kikaanguka, na mimi nikalia pamoja na mutoto.

Leo anakula bugali na mukono ule, sahani moja na sisi. Sikudanganyi, bega bado linamuuma, na kutwanga majani ya sombe bado kunamushinda. Lakini kila asubuhi ule wa kushoto ananiletea mwenyewe nifunge. Sijaona moyo kama wake.

Nisalimie Mama, na dada mukubwa anayekusomea hii, na shangazi wa kule mashambani, umuambie shanga zake mutoto anazivaa.

Mama muuza chumvi anayeshuka Pangi na kamyo ya mizigo atakupa kifurushi. Ni karanga, mama mukwe alizimenya yeye. Na fundo la kitambaa alilifunga yeye, na mukono wa kuume, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mimi nimekaa nimejizuia kumusaidia. Anasema Mama asilifungue, dada asilifungue. Linakungoja wewe, hata likikaa mwezi.

Mutoto wako anayekuombea,
Zaina, mama ya somo wako