Ng'ombe Aliyevunja Kioo cha Mkorea

Ndugu yangu Elinihaki,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha kioo cha pembeni, upande wa kushoto, cha gari langu. Kifo kilitokea ghafla kwenye barabara kuu, karibu na Lembeni, baada ya marehemu kugongwa na pembe ya ng'ombe aliyekuwa akivuka bila kuangalia huku wala huku. Marehemu ameacha mwenzake wa upande wa kulia, ambaye kwa sasa anafanya kazi ya wawili, na mlango mmoja uliochubuka vibaya. Rambirambi zinapokelewa hapa hapa Same, nyuma ya nyumba yangu, gari lilipofunikwa turubai.

Hiyo ndiyo taarifa rasmi. Nimeitoa kwa mke wangu, kwa wenzangu wa ofisini, kwa muuza chipsi wa stendi na kwa kila aliyeuliza. Wewe nimekuandikia mwisho kwa sababu usingeiamini, na kwa sababu naogopa. Nitafika huko. Ngoja kwanza nikupe mengine, maana mwaka na nusu ni mwingi, na najua habari za magari unazipenda kuliko za watu.

Ndiyo, umesoma vizuri: gari langu. Mimi, utingo wako, niliyejifunza kuendesha nikiwa na mvi, na nikafundishwa kurudi nyuma na mwalimu aliyekuwa akishuka kwanza yeye. Na tena ni la Kikorea. Nanyamaza kidogo hapa ili umalize kucheka.

Unakumbuka la kwanza kabisa tuliloliona hapa Same, la yule bwana afya? Ulilizunguka mara mbili, ukaligonga bati kwa kidole, ukasema, "Kopo la biskuti hili. Ukilipandisha Ugweno kitafika kifuniko." Watu walilirudia neno hilo mpaka bwana afya akaacha kuliegesha sokoni. Wakati ule gari kwetu lilikuwa Mjapani, basi. Korea ilikuwa mahali zinapotoka redio. Nao wakaja polepole, kama mgeni asiyetaka kusumbua mwenyeji: simu mfukoni, televisheni sebuleni, friji kwenye duka la soda. Tulipokuja kushtuka, na magari yao yalikuwa yamejaa. Siku hizi ukisimama kituo cha mafuta pale barabara kuu huwezi kunywa soda ikaisha hujaona matatu, na nasikia wanawauzia mpaka hao waliokuwa wakiwacheka.

Sisi wenye nayo tumekuwa kama kwaya. Kuna nesi mmoja anasema kiti chake kimemtibu mgongo kuliko dawa anazogawa mwenyewe. Muuza mbao anasifu kwamba linakunywa mafuta kama mgonjwa anavyokunywa uji. Mwenzetu mwingine analalamika spea zinatoka Dar kwa basi, na ikija isiyo yenyewe unaanza kusubiri upya. Wote tunakubaliana kwamba tumbo liko chini mno kwa mawe yetu, na kwamba mafundi wa hapa wakiona zile waya wanafunga boneti taratibu, kama watu waliofungua mlango wa chumba kisicho chao. Wewe usingefunga. Ungetukana kidogo, halafu ungeomba tochi.

Ila kosa la mimi kununua ni lako. Ulisema mbele za watu kwamba hutapanda Mkorea hata ukifa. Basi bwana, presha ilipokuchukua, gari lililopatikana la kukupandisha nyumbani Msangeni lilikuwa basi dogo la Kikorea. Ulipanda, na hukusema neno. Nilikaa pembeni ya jeneza lako nikiliombea gari likwame, ili angalau useme ukweli mara ya mwisho. Halikukwama. Lilipanda kona zote likinong'ona tu, na nyuma yetu ile pikapu yako, waliyopanda wajomba, ilichemsha kona ya tatu, wakamaliza kwa miguu. Nililia sana siku ile, lakini pale kwenye kona nilicheka, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, nitanunua hili.

Sasa nimefika ninapopaogopa.

Unalikumbuka gogo letu? Lile la mgunga, lililolika upande mmoja kwa kukaliwa na tairi. Wewe ukiwa kwenye usukani, mimi nyuma nimesimama nalo, pikapu ikikataa kupanda naruka, naligongomea chini ya tairi, nawe unavuta pumzi na kuanza upya. Nilichubuka vidole vyote kumi kwa ajili yako. Baada ya mazishi nililiomba kwa mama yako, akanipa bila kuuliza la nini. Nimelibeba kwenye buti la gari lenye kamera ya nyuma na kidude kinacholia ukikaribia ukuta. Mke wangu anasema natembea na mfupa wa babu.

Mama yako macho yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa anamsalimia mbuzi akidhani ni mgeni, halafu anacheka mwenyewe. Daktari wa hapa Same akasema yote mawili yanatibika kwa upasuaji, jicho moja kwanza, la pili baada ya wiki tatu. Huko Msangeni pikipiki zipo, lakini mama wa umri ule humpakizi kwenye bodaboda akateremke kona zile. Nikasema nitamfuata mimi, niko na gari. Wewe hukuwepo, nani mwingine?

La kwanza limekwisha kufanywa. Linaona. La pili ni Alhamisi hii, kesho kutwa, na ninatakiwa kumteremsha tena.

Eli, siwezi. Tangu siku nilipomteremsha mara ya kwanza, nikikanyaga kitu laini nashtuka, hata zulia. Jana nilikanyaga kandambili ya mtoto bafuni, nikakaa chini kwenye maji. Funguo za gari nimezitia kwenye kopo la majani ya chai nisizione, kwa hiyo chai nayo nimeacha. Na huko kanisani kwenu mama yako amesimama, mbele ya watu wote, akasema hajawahi kuteremshwa mlima kwa upole kama alivyoteremshwa nami. Wazee watatu wamenitumia salamu kwamba na wao wana miadi hospitalini.

Aliyenikamata ni mmoja tu, mzee Saitoti, anayetuletea maziwa kutoka huko tambarare. Nilimsimulia kuhusu ng'ombe, na yeye kwa ng'ombe hana mzaha. Akauliza rangi. Nikasema mwekundu. Akauliza masikio yamekatwaje. Nikasema sikuona vizuri. Akafunua turubai, akainama, akachomoa kwenye kitasa kipande cha jani la mgomba, kimekauka. Akakishika mbele ya pua yangu.

"Baba, ng'ombe wa Lembeni siku hizi analala migombani?"

Halafu akapima maziwa yangu kama kawaida na kwenda zake. Hajamwambia mtu. Lakini kila asubuhi akifika anatazama turubai, kisha ananitazama mimi, kisha anaanza kumimina.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na ng'ombe.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, jua zuri, barabara kavu. Mama yako alikaa mbele, mkungu wa ndizi na gogo vikiwa kwenye buti. Ofisini tuna mtindo, ukifika mteremko unaweka gia kwenye N, gari linajiendea lenyewe, mafuta hayaliwi. Kwenye lami ya huku chini nimefanya mara nyingi. Ulinikataza miaka yote hiyo. "Breki ni za kusimamia," ulikuwa unasema, "kama umepanda na namba mbili, shuka na namba mbili." Mimi nikajiambia hayo ni mambo ya pikapu yako, hili lina kompyuta. Nikaweka N, nikawa nashuka kwa breki peke yake, kona baada ya kona, nikimsimulia mama yako bei ya mahindi.

Yeye ndiye aliyenusa kwanza. Akasema, "Nani anachoma kwato?"

Nikamwambia ni watu wanachoma taka. Wakati huo huo nikakanyaga breki, ikaingia. Ikaingia tu, kama mguu unavyoingia kwenye uji, mpaka chini. Gari halikupungua. Nikapampu, halikupungua. Kulia kwangu palikuwa na hewa, na chini kabisa niliona Bwawa la Nyumba ya Mungu, dogo, linameta. Nikavuta hendibreki, nayo ikatoa harufu tu. Kwamba gari lina gia, na kwamba ningeweza kuirudisha, sikukumbuka. Nilikumbuka kitu kimoja, wewe ukiwa umenyamaza, maana ulikuwa hunyamazi ila mambo yakiwa mabaya. Nikalisukumia gari kushoto, kwenye mlima wenyewe. Likakwaruza ukingo wa udongo na migomba ya watu, kioo kikaruka, bati likalia kilio sijawahi kukisikia, tairi la mbele likaingia mtaroni, tukasimama.

Kona ilikuwa hatua kama kumi mbele.

Nilishuka. Nilikwenda nyuma nikishika bati, nikatoa gogo chini ya ndizi, nikaligongomea kwenye tairi. Mikono kazi yake iliijua. Nikakaa juu ya jiwe. Gari halikuwa na kosa lolote, Eli, usije ukafurahi. Fundi amelikagua, na breki zilipopoa zilirudi kama zilivyokuwa, nikalitoa mtaroni tukafika hospitali kwa mwendo wa kinyonga. Nilipomrudisha mama yako nyumbani tulipanda salama, na kushuka nilishuka peke yangu kwa namba ya chini kabisa, bodaboda wakinipita na kuniuliza kama nimeharibikiwa. Gari lilinishika mpaka chini. Mwenye kosa ni mimi.

Nilipomfungulia mama yako mlango siku ile, uso wake ulikuwa umetulia. Yeye alisikia kelele za majani na kishindo kidogo, basi. Akauliza, "Tumefika?"

Nikasema, "Hapana, Mama. Nimesimama kidogo upumzike."

Akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata shavuni. Akasema, "Asante, mwanangu. Unaendesha vizuri. Elinihaki angekuwa ameshatukimbiza." Nikaitikia, nikasema asante, Mama.

Ile asante naisikia mpaka leo. Nilikuwa karibu kukuletea mama yako huko huko, halafu nikapokea sifa zisizo zangu.

Kwa hiyo nakuahidi. Alhamisi nitapanda Msangeni mapema. Nitamwamkia, na kabla hajachukua kitambaa chake nitamtoa nje, nimsimamishe upande wa kushoto wa gari, alitazame kwa jicho lake jipya. Nitamweleza kama nilivyokueleza wewe, bila ng'ombe. Akikataa kupanda nami, nitakwenda kwa kila mwenye gari huko milimani kumwombea dereva mwingine, hata kama kijiji kizima kitajua. Akikubali, tutashuka na namba mbili, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na gogo litakaa kiti cha nyuma ninapoweza kulifikia. Naogopa hivi sasa ninapoandika, na Alhamisi nitaogopa zaidi.

Lala salama, ndugu yangu. Funguo nimekwisha kuzitoa kwenye majani ya chai.

Utingo wako.