Filimbi Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Jumanne, 4 Machi
Somo la filimbi kama kawaida. Mimi kibarazani nyuma, baba mkwe ndani ya banda lake, ukuta wa mianzi katikati. Anapuliza kipande, nakirudia. Akigonga ukuta kwa fimbo mara moja, nirudie. Mara mbili, niendelee. Leo mara moja tu, mara moja tu, mpaka midomo ikafa ganzi. Nimekasirika. Mtu nisiyemjua uso ananionea kwa fimbo.

Watoto wa kanisani anawafundisha ana kwa ana. Mimi ni mkamwana. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawaongei. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba. Zipo familia zimeacha. Hii ya mume wangu haijaacha. Tangu niolewe hapa Ndandalo nimemwona visigino tu. Hata ombi la kufundishwa lilipitia kwa mama mkwe.

Jumamosi, 8 Machi
Ninachotaka ni wimbo wake. Aliutunga mwenyewe, wa kuwalaza wanawe. Una sehemu tatu. Lusajo, mume wangu, anajua mbili za mwanzo. Ya tatu haijui, wala dada zake. Wote walikuwa wamelala ilipofika. Nikamuuliza mama mkwe.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nimetoka kupalilia mpunga. Nililala kabla yao."

Kwa hiyo sehemu ya tatu iko kifuani mwa mzee peke yake. Nina mimba. Nataka mtoto wangu aupate wimbo mzima.

Jumanne, 11 Machi
Sehemu ya pili. Ngumu. Ina vituo vifupi katikati ya mistari, mahali usipotegemea kabisa. Nimevishika vyote. Akagonga mara mbili, taratibu. Nimetembea nyumba nzima na kichwa juu.

Alhamisi, 20 Machi
Lusajo amerudi na mizigo yake kutoka Karonga. Baada ya chakula nikampigia sehemu ya pili kwa filimbi. Akacheka.

"Mbona unakatakata kama mtu anayepanda mlima? Baba hakati hapo."

Nikamwambia ndivyo alivyonifundisha. Akaacha kucheka. Sahani zikakaa mezani, hakuna aliyezigusa.

Nimejifunza kuhema kwake. Nilidhani ni muziki.

Jumapili, 23 Machi
Lusajo amemwambia baba yake aende hospitali. Amekataa. Mama mkwe anasema ni baridi ya mvua tu, lakini ameanza kumlaza kwa mito mitatu. Alasiri Lusajo amevuka tena mpaka kwenda Karonga. Mvua haikati. Mpunga wa bondeni umezama. Sina raha.

Jumanne, 25 Machi
Vituo vimeongezeka. Sasa navisikia vyote, hata nisipotaka. Nimemtuma mama mkwe aniombee sehemu ya tatu kabla ya pili kukamilika. Jibu: nimalize ya pili kwanza. Nimemchukia mzee huyu leo. Halafu nikaona aibu. Halafu nikamchukia tena.

Jumanne, 1 Aprili


Mama mkwe alikuwa amekwenda Lyulilo kununua vyungu. Tulikuwa wawili tu. Filimbi ikakatika katikati ya mstari. Kitu kikaanguka. Nikasubiri fimbo. Kimya. Nikagonga mimi. Kimya. Kisha nikasikia mtu akivuta pumzi, na pumzi haiji.

Nikasimama mlangoni. Mlango wa mianzi, hauna hata komeo. Nilisimama muda gani sijui, na naona aibu kwa muda wote huo. Nikaingia.

Alikuwa sakafuni, macho wazi. Mzee wa umbo dogo, mwembamba kuliko nilivyomsikia. Miguu imevimba. Aliponiona akavuta kona ya shuka, akajifunika uso. Hana pumzi, na ile iliyobaki anaitumia kunistahi.

Nikamwita Mama Bupe, jirani. Tukampakia kwenye bajaji hadi Kyela mjini. Njia nzima nilimshika mkono huku nimegeuza uso.

Ijumaa, 11 Aprili
Ni moyo, daktari amesema. Mzee amerudi na vidonge. Asipulize tena kitu, hata moto wa jikoni. Lusajo amemwomba aimbe kwa mdomo sehemu ya tatu. Alianza, akakohoa, mama mkwe akamtoa Lusajo nje.

Shangazi yake Lusajo amenuna kwa sababu niliingia. Mama mkwe yeye alinishika mabega, akasema "ndaga fijo, mwanangu," asante sana kwa lugha yetu, basi. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumanne, 22 Aprili
Mvua imepumzika. Sikuitwa, nimekwenda tu kibarazani saa yetu ya somo.

Nikapiga sehemu mbili, na vituo vyake vyote. Nilitaka ajue nimemtunza. Fimbo: mara moja. Nikarudia. Mara moja. Nikarudia kwa upole zaidi. Mara moja, kwa nguvu. Hasira zangu zile zikaja. Nikajaza kifua, nikapiga yote bila kituo hata kimoja, hadi mwisho wa sehemu ya pili.

Kisha mara mbili.

Niendelee wapi? Nikakaa na filimbi mdomoni. Akagonga tena mara mbili. Nikatoa sauti moja, ya kubahatisha. Mara moja. Nikajaribu nyingine. Mara moja. Nikashuka, nikajaribu ya chini yake.

Mara mbili.

Tukaendelea hivyo, sauti moja moja, mimi nabahatisha na yeye anachagua, mpaka kugonga kukawa kama kukwaruza. Mama mkwe akatoka, akasema mzee amechoka, anasema kesho. Tumepata mstari mmoja, pengine si mzima. Nimeupiga tena kwa sauti ya chini, mtoto akacheza tumboni.

Sikuuliza imebaki mistari mingapi.