Shavu Lenye Kivuli

Abuku, Koboko
Tarehe 9 Juni

Kaka yangu Candia,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Goti lako limepoa? Na wifi Annet, mihogo ya huko Logiri imekubali mwaka huu? Mimi ni mzima, ingawa bado napika chakula cha watu wawili.

Unaikumbuka ile picha ndogo ya kikanisani, isiyozidi kiganja, iliyoachwa na padri mzungu. Alionzi, mtunza kikanisa, alitufundisha kwamba ni mtakatifu: duara la utukufu kichwani, msumari wa msalaba mkononi, shavu moja jeupe, jingine jeusi. Mtu akishukiwa wizi hukalishwa mbele yake, na upande huuchagua Alionzi, akisema ameonyeshwa katika sala. Ukikalishwa upande wa shavu jeusi, umekataliwa. Betri ya sola ilipopotea, alimkalisha mume wangu huko. “Kaa, Afedra. Mzee iko naangalia wewe.” Watu wakacheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa mkono, mpaka tukamzika.

Mwezi wa tatu kioo cha picha kilipasuka, Alionzi akanituma Arua kukibadilisha. Fundi wa fremu karibu na Arua Hill ni mwalimu Paulino, aliyekuwa akifundisha uchoraji. Aliitazama kwa lenzi, akacheka mpaka akakohoa. Alisema, mama, hili duara ni kofia pana, ona na utepe wake. Huo si msumari, ni sindano ya kuchoria bamba la shaba. Bamba hutiwa tindikali, hupakwa wino, hugandamizwa kwenye karatasi. Maneno ya Kilatini chini yanasema mtu huyu amejichora mwenyewe, na ni karibu miaka mia nne sasa. Nikamuuliza, na shavu jeusi? Akasema alikaa karibu na dirisha tu. Kivuli chenyewe ni mistari iliyopishana. Hata mimi niliiona.

Aliniambia niende nikawaeleze watu. Nikaitikia. Kisha nikairudisha picha na kioo kipya, nikanyamaza.

Baada ya wiki mbili nililia kikanisani kwamba mbuzi wangu ameibwa, na kwamba nimeona nyayo za Alionzi zizini. Nikaomba akalishwe, na safari hii upande niuchague mimi, mjane. Wazee wakakubali. Nikamwonyesha shavu jeusi. Alinitazama, kaka, nikatambua kwamba siku zote alijua. Angeweza kusema hii ni picha tu, lakini wangemuuliza habari za Afedra. Akakaa.

Sasa hakuna anayekunywa maji kwake.

Hili nakuungamia wewe peke yako: mbuzi hakuibwa. Nilimpa Laetitia, yule Mkongo wa sokoni, siku moja kabla. Neno langu moja lingemsafisha Alionzi. Jana alikuja, amekonda, akaniomba nilitamke. Nilimpa kiti, nikamwambia atangulie yeye, amsafishe Afedra mbele ya watu wote. Aliondoka kimya. Basi na mimi nitanyamaza.

Wasalimie wote wa nyumbani, na barua hii usiisome kwa sauti.

Ni mimi dada yako,
Driwaru, mke wa Afedra