Kishikio Hakihami

Kituoni, 3 Machi

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Na mama je, bado anakugombeza kwa kukaa mezani na mikono ya grisi? Mimi mzima, ila mbu wa msitu huu sasa wananijua kwa jina. Mwenzangu wa doria ya wanyamapori, yule mzee tunayemwita Filimbi kwa sababu hamalizi hatua kumi bila kupiga mluzi, anakusalimu. Anasema fundi aliyezaa binti mwenye shabaha hawezi kuwa mtu mbaya sana.

Nina swali la kazi. Wiki jana darubini moja ya bunduki ilipasuka ndani ya gari, basi mkuu wa kituo ametoa amri: tukirudi doria kila mtu afungue darubini yake, ifungiwe kabatini ofisini, na asubuhi airudishe juu ya bunduki. Vishikio vyote kumi na viwili vinavyoshika darubini juu ya bunduki, vya kituo chetu na vituo jirani, umevitengeneza wewe. Je, nikiifungua na kuirudisha, risasi itakwenda palepale ilipokuwa ikienda? Risasi tunapewa kwa kuhesabiwa, za kujaribia hakuna. Nijibu upesi, maana nimeshaanza kuifungua na roho yangu haijatulia.

Mwanao, kitinda mimba

*

Karakana, 11 Machi

Marahaba, mwanangu.

Goti linasumbua lakini bado linanifikisha kazini. Mama yako anagomba kama kawaida, kwa hiyo ujue ni mzima. Mwambie huyo Filimbi apunguze mluzi, nguruwe mwitu wana masikio.

Swali lako limenichekesha, na limenichoma kidogo pia. Hivi unamuuliza nani? Kabla sijavipiga mhuri vishikio vile, nilikwenda uwanja wa shabaha, nikailaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, nikapiga. Nikafungua darubini, nikairudisha, nikapiga tena. Mara ishirini. Matundu yote unayafunika kwa kifuniko kimoja cha soda. Karatasi yenyewe nimeitundika juu ya meza ya kazi, na mama yako anasema ndiyo picha pekee niliyowahi kuipenda.

Wewe fungua, rudisha, kaza skrubu mbili mpaka zigome. Basi. Kishikio changu hakihami. Lala usingizi.

Baba yako, fundi

*

Kituoni, 2 Juni

Baba, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Mimi mzima, na hilo ndilo linalonitesa.

Filimbi amekufa. Alhamisi tuliitwa mashambani: dume la nguruwe mwitu lilikuwa limekata mtego wa waya, lina jeraha mguuni, limejificha kwenye mahindi. Asubuhi ile nilikuwa nimeifunga darubini kama ulivyoniagiza, skrubu mbili mpaka zikagoma. Dume likatoka, likasimama hatua sitini, uso kwangu. Nilikuwa nimetulia, baba. Nilishusha pumzi, alama ya darubini ikakaa katikati ya macho, nikafyatua. Risasi ikapita pembeni ya sikio. Niliona udongo ukiruka nyuma yake.

Likamwendea Filimbi aliyekuwa kulia kwangu, likampasua paja. Nililiua kwa risasi ya pili, bunduki ikikaribia kugusa manyoya. Lakini damu haikukubali kuzibwa. Nilimfunga kwa mkanda wangu, nikakaza kwa mikono miwili, akaniambia nisilie, kisha akanyamaza ndani ya gari. Mpaka sasa nikioga naona maji mekundu ambayo hayapo.

Kamati ya kuchunguza kifo chake inakaa tarehe ishirini na tano. Wanasema nilitetemeka. Wakilithibitisha hilo naachishwa kazi, na nitabaki yule msichana aliyemuua mwenzake kwa woga. Baba, nakuuliza kama fundi: inawezekana kishikio kilihama?

Mwanao

*

Karakana, 9 Juni

Mwanangu, pole. Pole sana. Mama yako amelia kutwa nzima. Unakula? Unalala?

Sasa nikujibu kama fundi, kwa kuwa umeniuliza kama fundi. Hapana. Chuma hakina hofu, mwanangu, ila binadamu anayo. Mnyama mwenye jeraha amekuangalia usoni; hata mimi pumzi ingenipotea. Inatosha kidole kubana mapema kidogo tu, na mwenye kidole hajui. Si aibu. Waambie ukweli wa mkono wako, watakuelewa.

Kamati nayo iliniandikia kuniuliza hilohilo. Nimewajibu kwa mhuri wa karakana kwamba vishikio vilipimwa mara ishirini na havihami. Nisingeweza kusema vinginevyo, hata kwa ajili yako.

Baba yako

*

Karakana, 1 Julai

Mwanangu,

Sijapata jibu. Kamati imesemaje? Simu yako haipokelewi. Mama yako hataki kuzungumza nami tangu ajue nimeiandikia kamati. Ananiwekea chakula mezani na kuondoka. Andika hata mistari miwili, nijue uko wapi.

Baba yako

*

Karakana, 14 Julai

Mwanangu mpendwa,

Sijui kama unazifungua barua zangu. Hii ifungue, nakuomba.

Jumamosi mama yako aliingia karakana, mahali asipokanyaga. Akasema, "Ulipofanya majaribio yako, nani alikuwa anaifunga hiyo darubini?" Nikamwambia mimi, nani mwingine. Akasema, "Twende huko uwanjani. Leo nafunga mimi. Mwanangu hana mikono yako."

Nilikwenda ili nimnyamazishe. Nakuambia kama ilivyokuwa. Nilichukua bunduki ya karakana yenye kishikio kama chako, nikapiga risasi moja, katikati. Mama yako akafungua darubini, akairudisha, akakaza skrubu mbili mpaka zikagoma. Nikapiga. Tundu lilikuwa kiganja kizima kulia. Nikadhani nimekosea. Nikafungua, nikafunga mwenyewe, nikapiga: katikati. Akafunga yeye: kiganja kizima kulia. Mara nne tulirudia na mara nne ikawa hivyo. Nikakaa chini kwenye mchanga, mtu mzima na mvi zangu.

Mama yako akauliza, "Na hicho unachokifanya kwa kidole gumba ni nini?" Nikasema sifanyi kitu. Akasema, "Funga tena, polepole." Akanishika mkono katikati ya kazi, nikakiona. Kishikio kina kijino chini, kinachoingia kwenye pengo la reli juu ya bunduki. Pengo nililikata pana kidogo kuliko kijino, unene wa ukucha, ili kiingie kwa urahisi. Mimi kabla ya kukaza ninakisukuma mbele kwa gumba mpaka kigote. Kila mara. Miaka thelathini mkono wangu unafanya hivyo na kichwa hakina habari. Usipokisukuma kinakaa popote, na skrubu zinagoma vilevile.

Sikukwambia kwa sababu sikujua kwamba kuna la kukwambia. Mkono wako haukukosea. Risasi ilikwenda pale kishikio changu kilipoielekeza.

Nimeandika barua ya pili kwa kamati. Iko hapa mezani. Niambie niitumeje, na kama nimechelewa niambie pia.

Baba yako

*

Chumba cha kupanga, 22 Julai

Baba,

Umechelewa.

Tarehe ishirini na tano Juni barua yako yenye mhuri ilisomwa kwa sauti mbele ya watu tisa. Mwenyekiti aliuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nimejiandaa kusema nilikuwa nimetulia. Lakini baba yangu, fundi, alikuwa amesema hapana, nami nikaanza kukumbuka kutetemeka ambako hakukuwapo. Nilisaini kwamba mkono wangu ulikosea. Bunduki na sare nimerudisha.

Kisha nilikwenda kwa mke wa Filimbi. Nilipiga magoti jikoni kwake, nikamwambia mimi ndiye niliyemuua mumewe kwa woga wangu. Watoto walikuwapo. Hakunifukuza. Alizima jiko, akatoka, akaniacha nimepiga magoti hapohapo.

Leo naambiwa sikutetemeka. Nimesoma barua yako mara tatu. Sikulaumu kwa pengo, kila fundi hukosea kukata. Lakini nilikuuliza, baba. Nilikuuliza kwa maandishi. Uwanja wa shabaha uko nusu saa kutoka karakana na hukwenda.

Na bunduki nyingine kumi na moja? Watu wanatoka nazo kila asubuhi.

Ya kwanza ilikwenda kwa posta ikanimaliza. Ya pili usiitume, ilete mwenyewe.

Mwanao

*

Karakana, 26 Julai

Mwanangu,

Barua yako imefika saa nne asubuhi. Saa tano nilikuwa nimepiga simu kwenye vituo vyote. Bunduki zote kumi na moja zimewekwa chini, na nimewaambia sababu kwa mdomo wangu. Siku ile ya uwanjani ndiyo ilikuwa siku ya kupiga simu hiyo. Nilikaa wiki mbili nikijionea huruma. Wamesema hawatafanya kazi nami tena. Nimewaambia ndivyo inavyostahili.

Naondoka kwa basi la mchana. Mama yako yuko nami, amefunga mizigo yetu wote wawili. Usinipokee.

Kamati nitaonana nayo Jumatatu. Kabla ya hapo nitakwenda kwa mke wa Filimbi, jikoni kwake, na watoto wakiwapo. Nitamwambia kwamba ulilenga sawasawa. Nitamwambia pia kwamba mwanangu aliniuliza, nami sikwenda kuangalia.

Baba yako