Jina Litakaloandikwa Jumamosi

Nyakahura, Alhamisi asubuhi

Mwanangu,

Kalamu imesimama hapo juu muda mrefu kwa sababu sijui nikuite nani. Ulipokuwa hai sikuwa na shida hiyo. Nilikuita "mama", kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao, na moyoni nilijiona mjanja. Bibi yako kule Ngara alikuita Perpetua. Mama yako alikuita Ushindi. Mimi nilikaa katikati na "mama" yangu, jina ambalo halikunigombanisha na mtu. Leo halitoshi. Jumamosi fundi anakuja kujengea kaburi lako, na ameniambia niwe na jina moja tayari, maana ataliandika kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi.

Ni miezi saba tangu tukuzike. Msalaba wako ni wa mbao na hauna jina. Siku ile katekista alikuja na rangi nyeupe aandike Perpetua, mchungaji naye akaja na karatasi yenye Ushindi, wakabishana kwa adabu pale penye migomba huku wewe ukisubiri. Mwenyekiti wa kitongoji akasema mtoto azikwe kwanza, jina litafuata. Halijafuata. Majirani hawajui hata wamwite mama yako nani. Zamani alikuwa Mama Ushindi. Sasa wanamwambia "habari za leo" na kupita.

Hukufikia umri wa kuelezwa majina yako yalivyokuja, kwa hiyo nakueleza sasa.

Ulipozaliwa, bibi alitazama kalenda ya parokia iliyotundikwa jikoni kwake, nyeusi kwa moshi, akaitafuta siku yako akakuta Perpetua. Ndivyo alivyotupa majina sisi sote. Baba yako mkubwa ni Projestus, mimi ni Evarist, na hakuna aliyeulizwa. Kwa bibi, kumpa mtoto jina lisilo la mtakatifu ni kumtuma safari ndefu bila mwenyeji wa kumpokea huko aendako. "Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu, "mtakatifu huyo atamsemea mbele za Mungu." Mimi sikuwa na maoni. Niliona ni jina zuri, basi.

Ulipokaribia mwaka mmoja vidole vyako vilivimba. Ukapimwa hospitalini Biharamulo, tukaambiwa ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Tulipewa vidonge vya kila siku na kadi ya kliniki iliyoandikwa Perpetua. Miaka mitatu na zaidi tulikwenda kila mwezi bila kukosa, na bado mvua zilipoanza ulilia mifupa, na mama yako alizunguka nawe uani mpaka miguu yake ikavimba. Simlaumu. Mtu aliyekisikia kilio kile angeingia mlango wowote aliofunguliwa. Yeye aliingia kwenye hema la maombi karibu na soko.

Mchungaji wa hapo si mtu mbaya. Alifunga siku tatu kwa ajili yako, nikamwona midomo imemkauka. Lakini alipoambiwa jina lako alishtuka. Alisema Perpetua wa kwanza aliuawa uwanjani watu wakitazama, na mtoto akipewa jina la aliyemwaga damu, damu yake haitatulia. Kwake jina ni neno linalotamkwa juu ya mtoto asubuhi na jioni, na sisi tulikuwa tunakutamkia kifo tangu siku ya ubatizo. Mama yako alilia sana. Wiki ile ile ukaitwa Ushindi, na mbele ya waumini vikachomwa vyote vyenye lile jina la zamani: cheti cha ubatizo, rozari ya bibi, na kadi ya kliniki. Kadi niliitoa mimi mwenyewe mfukoni. Kliniki hatukurudi tena.

Na kweli ukawa mzima. Miezi sita hukulia hata mara moja. Ulikimbizana na mbuzi, ukaanza darasa la awali, ukawa unakaa nami barabarani ninapoziba pancha. Nikizamisha mpira kwenye karai la maji, wewe uliyaona mapovu kabla yangu, ukasema "hapa, baba". Kanisani walikufundisha jibu la kumpa kila anayekujulia hali: "Ushindi haumwi." Ulimjibu hivyo mwalimu, ukawajibu hivyo madereva wa malori, hata bibi kwenye simu. Bibi akakuuliza, "Na Perpetua je, hajambo?" Ukacheka mpaka simu ikakuponyoka.

Halafu ikaja homa. Mama yako alibaki akikupikia uji, nikakupeleka zahanati mimi. Mganga alikupima akakuta malaria. Kabla ya kuandika dawa aliniuliza kama una ugonjwa wowote wa siku nyingi. Ulikuwa magotini pangu, unanitazama usoni.

Nikasema, "Hana."

Nilijua ninachokificha, mwanangu. Niliogopa kwamba nikiutaja ugonjwa nitakuwa nimeuita urudi, na mama yako ataniuliza kwa nini nimeivunja imani. Tena niliona aibu. Angetaka kadi, na ningemwambia nini? Yule mganga hana kosa. Alikupa dawa ya mtoto mwenye malaria na si kitu kingine, kwa sababu baba mtu alikuwa amesema hana. Angejua, angetutuma hospitalini siku ile ile. Tukarudi nyumbani.

Siku ya tatu macho yako yalikuwa ya njano na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka. Tulikukimbiza Biharamulo kwa gari la mfanyabiashara wa maharage. Wodini mama yako alitoka kutafuta maji ya moto. Nesi mmoja, mtu mzima, alikuinamia akakuuliza unaitwa nani na unaumwa wapi. Ulijibu polepole, pumzi haikutosha.

"Ushindi haumwi," ukasema. "Perpetua ndiye anaumwa."

Nesi akageuka akanitazama. Ndipo nikasema yote. Damu ilipatikana, ikatundikwa. Mfuko ulikuwa haujafika nusu ulipotuacha.

Tangu hapo nyumba hii imekuwa ya watu wawili wasiotazamana. Bibi anasema ulinyang'anywa mtakatifu wako ndiyo maana ukabaki bila wa kukutetea. Mama yako anasema bibi hakuacha kukuita Perpetua kwenye simu, na ugonjwa ukaifuata sauti hiyo. Hawajasalimiana tangu matanga. Bibi alipokuja kututazama, alishuka kwenye hiace na mfuko wa mahindi kichwani, mama yako akamwacha amesimama uani, akaingia ndani. Mimi niliupokea mfuko. Nilimwona mama yangu akirudi barabarani kungoja gari la Ngara, mzee wa watu, na nilikuwa na maneno ya kumrudisha lakini sikuyasema.

Wanagombana juu ya majina mawili, na hakuna kati ya hayo lililokuua. Mzee Hamisi wa duka la vipuri, ambaye ni Muislamu, aliniambia kwao jina zuri ni haki ya mtoto kwa mzazi wake. Nilimwitikia tu, nikaendelea kusugua mpira. Jina zuri ulipewa, tena mara mbili. Watu waliokupa walikupenda, kila mmoja kwa imani yake. Kilichokumaliza ni lile "hana", na lilitoka kinywani mwangu. Mama yako halijui. Bibi halijui. Miezi saba nimewaacha walaumiane ili mimi nisilaumiwe.

Basi nimeamua. Bibi nimemwomba aje Jumamosi, na amekubali. Kabla fundi hajachanganya saruji nitawaketisha wote wawili hapo kwenye migomba na kuwaambia nilivyojibu zahanati. Mama yako anaweza kufunga mizigo yake. Bibi anaweza asinipe mkono tena mpaka afe. Naogopa, sikufichi, lakini nitasema.

Kisha nitamwambia fundi aandike Perpetua. Mama yako itamuuma, na sijui kama atanielewa. Sifuati kalenda, wala simkomoi mchungaji. Naliandika kwa sababu ndilo jina ulilolitumia kusema kweli, siku ambayo mimi, mtu mzima, nilikuwa nimeshindwa.

Nisamehe, mama. Pumzika hapo karibu na migomba, nitakuwa napalilia mwenyewe. Nakuahidi hivi: kuanzia Jumamosi, mtu yeyote akiniuliza mwanangu alikuwa na nini, nitamjibu alikuwa na sikoseli, na mimi nilijua.

Baba Perpetua