Mkeka wa Darini

Dar es Salaam, 4 Septemba 1993

Mama mpenzi,

Shikamoo. Homa imeniachia. Mgongo wako je, unakuruhusu kulima?

Mama, nimekubaliwa kwenye maonyesho ya sanaa Novemba! Nitaonyesha tunavyoiua bahari. Huku watu wanavua kwa baruti. Wanabeba samaki wakubwa, wadogo wanaachwa waoze. Nahitaji mikeka yako, kumi ikipatikana. Ni nafasi yangu pekee.

Mwanao,
Nice

Nyakisasa, 2 Oktoba 1993

Mwanangu Nice,

Marahaba. Mgongo tumeshazoeana. Bahari siijui, ila kazi yako naiombea. Nimesuka tisa. Wa kumi sikuwahi, nikaongeza ule wangu wa darini. Anatory wa basi atakufikishia. Utunze.

Mama yako,
Domisiana

Dar es Salaam, 14 Novemba 1993

Mama mpenzi,

Shikamoo. Redio inasema watu wanavuka kutoka Burundi. Mko salama?

Maonyesho yamefana! Samaki wa baruti niliwafunga kwenye mikeka, kama tunavyowafunga wafu wetu, nikawalaza ukumbini watu wapite kutoa pole. Ule mkuukuu wa darini nilimfungia kasa, kobe wa baharini, aliyefia wavuni. Watu walipigwa na butwaa, mzee mmoja akavua kofia. Siku ya tatu harufu ilizidi, tukazika vyote ufukweni.

Mwanao,
Nice

Nyakisasa, 5 Desemba 1993

Nice,

Sina salamu ndefu. Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Mkeka ule ni wa maziko yangu! Niliusuka mwaka tuliomzika baba yako. Nilidhani wageni wako wataukalia, kisha urudi nyumbani. Hukuuliza, nami sikusema. Umemzika nao kobe! Kwa hasira sikusuka siku mbili.

Kisha wakimbizi wakafika hapa, wametokea mpakani Kabanga. Mmoja, Hakizimana, alikuwa amembeba mkewe mgongoni, hajui kwamba ameshakata roho. Akaniomba mkeka. Mimi, ambaye Nyakisasa nzima hununua mikeka kwangu, nikamwambia sina hata mmoja. Tulimzika mke wa mtu kwa kitenge changu, na miguu ilibaki nje. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Tangu hapo nasuka kila siku, na kila mkeka unachukuliwa kabla sijamaliza kukata nyuzi. Wangu bado.

Sijakusamehe. Ila kusuka nilikufundisha mwenyewe, na vidole vyangu havitoshi. Njoo.

Mama yako